Ubao Mlangoni mwa Kujitegemea

Mudrick alipigilia msumari wa nne, akashuka ngazi, akarudi nyuma hatua tatu juu ya gati na kuutazama ubao wake kwa jicho la bwana harusi. Bi Sabra alikuwa jikoni akimenya kamba. Alisikia nyundo imenyamaza, akatoka na mikono yake ileile inayonuka shombo, akasimama nyuma ya yule kijana na kusoma. Alisoma mara moja. Akasoma tena, maana mara ya kwanza alidhani macho yamemhadaa.

Boti hii, ubao ulisema kwa rangi nyeupe yenye vivuli vya bluu, ilijengwa na Wajerumani mwaka 1911. Ilipeleka makaa ya mawe kwenye manowari iliyozamishwa katika delta ya Rufiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Karibu ule chakula ndani ya historia.

"Mudrick, maneno haya kakupa nani?"

"Mwalimu, maza. Mi nachora tu, sitii neno langu. Ila vivuli vimekaa poa, si unaona?"

Bi Sabra hakuona vivuli. Aliona uongo umepigiliwa misumari minne mlangoni mwa boti aliyoifanyia kazi ujana wake wote.

Jina lake halisi boti ile ni Kujitegemea. Ilishushwa majini mwaka 1974, na Sabra alikuwepo, mtoto wa miaka saba katika safu ya wanafunzi walioletwa kuimba. Ilikuwa mali ya ushirika wa wakulima wa mpunga. Ilizunguka visiwani, ikirudi Nyamisati na magunia, abiria, na ukikaribia mwezi wa Idi, ng'ombe waliofungwa miguu. Ushirika ulipokufa, boti ikakaa bure, hata mwaka 1989 ukaja mradi wa afya wa Wazungu. Wakaipaka rangi nyeupe, wakaweka vitanda viwili, meza ya kuzalishia na kabati la dawa, wakaiita zahanati inayotembea. Sabra alikuwa na miaka ishirini na miwili, muuguzi msaidizi aliyetoka chuoni na sare isiyofuliwa hata mara mbili. Alifanya kazi humo miaka tisa. Mwaka 1998 huduma ikasimamishwa, mradi ukafunga virago, na Kujitegemea ikaachwa kwenye tope la Nyamisati. Mbuzi walilala ndani yake. Ikakaa hivyo miaka ishirini na mitatu, mpaka Mwalimu Ebenezer alipoinunua kwa bei ya chuma chakavu.

Ebenezer hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Bi Sabra zaidi. Alikuja Kibiti kutoka bara akiwa kijana, akafundisha jiografia mpaka alipostaafu, na alipofungua mgahawa alimtafuta Sabra mwenyewe nyumbani, maana alisikia hakuna mkono unaomshinda kwa wali wa nazi na kaa wa kupaka. Mume wa Sabra alipokuwa mahututi alimpa ruhusa ya mwezi mzima bila hata kuombwa. Mtu wa namna hiyo utamgombezaje? Lakini siku ile alimgombeza.

"Mwalimu, hiki ulichokiandika si kweli."

Ebenezer alikuwa akipanga viti. Aliinua miwani. "Kipi si kweli? Manowari haikuzama?"

"Ilizama. Lakini boti hii haikuwepo. Mimi nimeiona ikishushwa majini. Niliimba!"

"Bi Sabra, wageni wanatoka Dar es Salaam kilomita zote hizo. Wanataka kitu cha kupiga picha. Boti ya kubeba mpunga nani ataipiga picha?"

"Basi andika ilikuwa zahanati. Humu wamezaliwa watoto. Pale palipo na friji lako la soda ndipo ilipokuwa meza ya kuzalishia."

Ebenezer alilitazama friji lake kwa mashaka. "Wangapi?"

"Sitini na mmoja."

"Una maandishi?" Ualimu ulimrudia ghafla usoni. "Nikibadilisha ubao lazima niwe na chanzo. Siwezi kuandika kwa kuambiwa tu."

Bi Sabra alitaka kumuuliza makaa ya mawe aliambiwa na nani. Akajizuia, akarudi jikoni, akamenya kamba kwa hasira mpaka akajichoma kidole.

Jumatatu, siku yake ya mapumziko, alipanda gari asubuhi kwenda kutafuta karatasi. Ofisi ya kwanza walimwambia habari za boti haziko kwao. Ofisi ya pili alikaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa saba, kisha akaingizwa kwa kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri, aliyemwamkia kwa heshima zote.

"Boti ilikuwa ya nani, mama?"

"Kwanza ya ushirika. Halafu ikawa ya mradi."

"Mradi gani?"

"Wa Wazungu."

"Wazungu wa wapi?"

"Mwanangu, walikuja weupe, wakaondoka weupe. Sisi tuliwaita wafadhili."

Kijana alicheka kidogo, si kwa dharau. "Tatizo ndilo hilo. Mradi ukifungwa unaondoka na makaratasi yake. Kama kulikuwa na daftari la wazazi, walilibeba wao. Labda uandike barua."

"Niiandike kwenda wapi?"

Kijana alifungua mikono. Hilo ndilo lililokuwa jibu la serikali siku ile, mikono miwili mitupu.

Alirudi Nyamisati jioni na vumbi la barabara nzima kichwani, na alipopita gatini alikuta vijana watatu wa mjini wakijipiga picha mbele ya ubao, mmoja amenyoosha mkono kama Mjerumani wa kuigiza. Alipita bila kusalimia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Lakini Sabra alikuwa na daftari ambalo mradi haukuweza kulibeba. Aliwakumbuka. Si wote kwa majina, ila kwa mama zao, kwa vijiji, kwa namna walivyotoka: huyu alitanguliza miguu, huyu alizaliwa na meno, hawa pacha wa Mbwera, wa kwanza alilia mpaka mwenzake alipofika. Alianza kupiga simu. Aliyempata alimtuma kwa mwingine. Habari ilisafiri kwa maboti ya wavuvi wa kamba na kwa kina mama wa vikundi vya vikoba, na Jumamosi ya tatu wakafika Nyamisati watu kumi na wanne waliozaliwa ndani ya Kujitegemea, wengine wameshika watoto wao. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mmoja, jitu la miraba minne, aliingia akauliza, "Mimi nilizaliwa upande gani?" Alipoonyeshwa friji, akaliwekea kiganja.

Ebenezer alisimama kati yao na sinia la vitumbua, machozi yakimlengalenga. Aliwalisha wote bure. "Bi Sabra," alisema, "nimeshindwa. Hiki ndicho chanzo. Ubao unabadilishwa wiki hii."

Bi Sabra alilala vizuri siku hiyo. Alidhani kazi imekwisha.

Ubao mpya ulipigiliwa Alhamisi. Alitoka jikoni kuusoma akiwa amevaa kanga safi, maana alitaka Mudrick ampige picha hapo. Ulisema: Boti hii ilikuwa zahanati ya delta. Humu walizaliwa watoto sitini na mmoja, na haikupotea roho hata moja. Karibu mgahawa wa baraka.

Kanga ilimteleza begani, na hakuirudisha.

"Mwalimu, nani kakwambia haikupotea roho?"

"Wewe mwenyewe. Ulisema watoto wote sitini na mmoja walitoka wazima."

"Watoto."

"Ndiyo, watoto." Ebenezer alimtazama. "Kwani kuna nini?"

Hapo palikuwa pa kusema. Bi Sabra alifungua mdomo, kisha akasema anasikia wali unaungua, akaingia ndani. Wali ulikuwa haujabandikwa.

Siku mbili baadaye kijana mmoja alikuja peke yake. Alikuwa mwembamba, amevaa kofia ya kufuma, na hakukaa kwenye meza yoyote. Aliusoma ubao, akausoma tena, kisha akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni, "Mwenye mgahawa huu yuko wapi?"

"Ni mimi, karibu," Ebenezer alisema.

"Naitwa Ashrafu, natoka Msala. Nilipigiwa simu nije ile Jumamosi, nikawa safarini. Mimi nilizaliwa humu. Mama yangu akafia humu siku hiyohiyo, anaitwa Nasra binti Haruna. Ubao wako unasema haikupotea roho. Mama yangu hakuwa roho?"

Wageni wa meza ya jirani waliacha kula. Ebenezer alimshika kijana mkono, akamwongoza pembeni karibu na dirisha la jikoni, kwa hiyo Bi Sabra alisikia kila neno.

"Pole sana, mwanangu. Mungu amrehemu. Lakini nielewe na mimi. Hapa watu wanakula. Nikiandika mlangoni kwamba mama alikufa mahali wanapokula, nani ataingia?"

"Basi futa hilo la roho."

"Nikifuta nitabakiwa na nini? Ubao umegharimu pesa, na kila mtu anaupenda. Na ukisoma vizuri, linalotangulia ni watoto. Mtoto hakupotea. Si wewe huyo umesimama?"

Ashrafu aliutoa mkono wake kwenye mkono wa Ebenezer polepole. Alikuwa anageuka kuondoka pale Bi Sabra alipotokea mlangoni.

"Ashrafu. Ngoja, mwanangu. Mimi ndiye niliyekupokea."

Walikaa kwenye gati, miguu ikining'inia juu ya maji yaliyokuwa yanapwa. Ashrafu alisema shikamoo, akaitikiwa, kisha wote wawili wakatazama kaa wadogo wakitoka kwenye matundu ya tope.

"Mimi najua ninachojua kwa baba," kijana alianza. "Kwamba nahodha Bwanaheri alikuwa na haraka zake. Akaondoa boti maji yakipwa, ikakaa kwenye fungu la mchanga, mama akatokwa damu mpaka akaisha. Na ndiyo maana wakamfukuza kazi. Ni kweli?"

Hilo ndilo lililoandikwa kwenye ripoti ya mradi. Hilo ndilo alilolijua kila mtu kutoka Msala hata Nyamisati. Bi Sabra angeweza kusema ndiyo, na mambo yangebaki yalivyokuwa kwa miaka ishirini na saba. Alikuwa amehangaika wiki tano kwa ajili ya ukweli, amekalia mabenchi ya watu, amemgombeza bosi wake. Sasa ukweli ulikuwa umekaa karibu yake na kofia ya kufuma.

"Si kweli," alisema.

Alimweleza. Kwamba walikuwa Msala tangu jana yake kwa chanjo. Kwamba asubuhi saa mbili Nasra aliletwa, uchungu wa siku mbili, mimba ya kwanza, na yeye Sabra akaona hili ni la hospitali ya Mchukwi, si la meza yake. Bwanaheri alitazama maji, akasema, "Bi mganga, yanapwa. Tukitoka sasa tutakaa kwenye fungu. Tungoje yajae, hata saa tisa tutakuwa njiani. Hapa kuna wakunga, kuna maji moto, kuna mama yake." Na yeye akamjibu mbele ya watu kwamba mkuu wa safari ni yeye, si nahodha, na kwamba mgonjwa akifa kwa kungoja, atakayekwenda kujibu ni Bwanaheri. Wakatoka. Saa tatu boti ikakaa juu ya fungu. Ikakaa hapo kwa muda wa saa sita. Mtoto alitoka saa tano, mzima, analia. Damu ya mama haikusimama. Bwanaheri alivua shati lake likachanwa kuwa vitambaa. Maji yaliporudi, Nasra alikuwa ameshafunikwa.

"Walipokuja kuuliza," Bi Sabra alisema, na sauti yake ikawa ya mtu anayevuta kitu kizito, "waliuliza nani aliamuru safari. Bwanaheri alinitazama. Mimi nikatazama chini. Akasema, nahodha ni mimi. Basi. Wakaandika. Nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani, nikajiambia nitasema kesho. Kesho ikapita."

Ashrafu aliufuata kwa macho mstari wa maji uliokuwa unarudi nyuma.

"Angengoja Msala, angepona?"

"Sijui. Hilo sijui mpaka leo, na si kwamba sijajiuliza. Labda angekufa hukohuko. Lakini aliyesema twende ni mimi."

Kijana alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Mzee Bwanaheri alikuwa anakuja kwetu kila Idi," alisema. "Na kigunia cha mchele na kuku. Baba hakuwahi kumwitikia salamu. Hata mara moja. Yule mzee alikuwa anaweka mchele mlangoni anaondoka, na baba anawapa watu baki. Mwaka mmoja nilikuwa na miaka kama kumi, nikamrushia jiwe. Nilimpata hapa." Aligusa nyuma ya sikio lake. "Hakugeuka."

Bi Sabra alijifunika uso kwa kanga. Alijua Bwanaheri alifukuzwa. Alijua alikata boriti mikokoni mpaka mgongo ukapinda, na kwamba alikufa miaka sita iliyopita. La mchele hakulijua. Alikaa akalilia hilo kuliko yote mengine, na Ashrafu hakumbembeleza.

"Mama, mimi sijui nikwambie nini," kijana alisema mwishowe, akisimama. "Sikusamehe, na sikulaani. Ila naona umekosea mtu wa kumwambia kwanza. Mjane wake yupo Mchukwi kwa binti yake."

"Najua alipo."

"Basi twende. Nikikuacha utasema kesho."

Walikwenda kwa bodaboda mbili, yeye mbele, Ashrafu nyuma yake kama askari na mahabusu wake. Alikuwa hajamuaga Ebenezer, na sufuria mbili zilikuwa jikoni zinamngoja.

Mwanaharusi, mjane wa Bwanaheri, alikuwa uani anachambua kunde kwenye ungo. Alikuwa mkubwa kwa Sabra kwa miaka kumi, macho yameanza kufifia, lakini sauti aliitambua. "Sabra! Leo jua limetokea wapi? Karibu mkeka. Na huyu nani?"

"Ashrafu, bibi. Mtoto wa Nasra wa Msala. Shikamoo."

Mkono wa Mwanaharusi ulisita juu ya kunde. "Marahaba," alisema.

Bi Sabra alisema yote. Mara hii hayakutoka kwa mpangilio. Alianza na ripoti, akarudi kwenye fungu, akaruka kwenye shati lililochanwa, na mara mbili ilibidi Ashrafu amkumbushe alipoishia. Alipomaliza, kuku walikuwa wameingia kwenye ungo, na hakuna aliyewafukuza.

"Hata mimi hakuniambia," Mwanaharusi alisema. Hakuwa anamwambia Sabra. "Miaka ishirini na moja tulilala kitanda kimoja baada ya hapo. Nilimuuliza. Nilimuuliza usiku na mchana, kwa nini ulitoka maji yakipwa, wewe mwana wa mtoni? Nilimwita mjinga mbele ya wanangu. Akawa anacheka tu. Anasema, ndiyo hivyo, Mwanaharusi, nilikosea hesabu."

"Nisamehe, dada."

"Usinikimbizie msamaha!" Ungo ulipinduka, kunde zikatawanyika mkekani. "Umekuja na bodaboda, umesema, unataka uondoke mwepesi. Wanangu waliacha shule kwa sababu baba yao hakuwa na kazi. Faraji mpaka leo haendi Msala, anaona haya. Wewe umekaa na hili unapika pilau!"

Bi Sabra aliinama. Alianza kuokota kunde, moja moja, kwa kuwa mikono ilitaka kazi.

"Ziache," Mwanaharusi alisema. "Ziache, zangu hizo. Ijumaa wanangu wote wanakuja kwa arobaini ya shangazi yao. Wewe utakuja. Utakaa hapohapo ulipokaa, utayasema tena mbele yao, kuanzia mwanzo, bila huyu kijana kukukumbusha. Na baba yake aje. Yule asiyeitikia salamu. Halafu mimi nitaangalia kama ninalo la kukupa."

"Baba atakataa kuja," Ashrafu alisema.

"Wewe una miguu. Nenda kamlete."

Njiani, wakingoja pikipiki, Ashrafu alikuwa anahesabu kwa vidole boti za kwenda Msala na siku zilizobaki, akisonya kila alipokosea. Alisema baba yake ni mtu mgumu, na kwamba huenda akamfukuza yeye mwenyewe nyumbani akimletea jina la Bwanaheri. Bi Sabra aliitikia tu. Alikuwa amedhani, kwa muda wote ule wa kubebwa kwenye bodaboda, kwamba kusema mara moja kungetosha.

Simu yake ilikuwa inalia kwa mara ya nne. Alipokea.

"Bi Sabra! Uko wapi? Kuna watu thelathini wa semina, wamekaa, wanataka kaa wa kupaka, na mimi sijui hata nazi ziko wapi!"

"Nazi ziko kwenye tenga, chini ya ngazi. Kaa wameshachemshwa. Nipo Mchukwi, naja." Alivuta pumzi. "Mwalimu, ule ubao uushushe."

"Tena? Nimeshamweleza yule kijana. Wageni wa leo wote wamepigia picha hapo!"

"Nasra binti Haruna alikufa humo. Na Bwanaheri hakuwa na kosa. Usipoandika hivyo, usiandike kitu."

"Bi Sabra, tafadhali, tuyaongee Ijumaa. Ijumaa tuna sherehe ya harusi, tutakuwa pamoja kutwa nzima."

"Ijumaa sitakuwepo."

"Haiwezekani! Watu mia na ishirini! Nani atapika?"

Pikipiki ya kwanza ilikuwa imeshafika na dereva anapiga honi. Bi Sabra alikata simu, akamwambia Ashrafu apande yeye kwanza, maana mwenye safari ndefu, ya kumfuata baba yake Msala, ni yeye.